Risala ya Wenye Saiba, Walimu wa Kompyuta na Mafundi wa Itumbe kuhusu Kompyuta Zinazokataliwa na Mifumo Mipya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisii,
na Waheshimiwa wote mnaosimamia elimu na teknolojia.

Waheshimiwa,

Sisi ni wenye saiba, walimu wa kompyuta na mafundi wa Itumbe. Kompyuta tunazozisemea ni za mtumba, zile wauzaji huziita eks-UK, tulizozinunua kwa pesa za majani chai na mikopo ya chama. Bado zinawaka na kufanya kazi. Hata hivyo mifumo endeshi mipya inazikataa, na ile ya zamani imeachwa bila ulinzi.

1. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 nayo inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Nyingi za kwetu ni za kizazi cha 3 na cha 4. Mafundi wamejaribu kuuingiza mfumo huo kwa mlango wa nyuma, lakini njia hiyo haina dhamana ya masasisho. Na toleo lililotoka mwaka 2024 haliwaki kabisa kwenye Core 2 Duo, kwa kuwa prosesa hiyo haina amri iitwayo POPCNT. Waheshimiwa, saiba ndiko mkulima anakofunguliwa eCitizen, ndiko mwalimu anakojaza ritani ya KRA kabla ya 30 Juni, ndiko mtoto aliyemaliza kidato cha nne anakoombea chuo kupitia KUCCPS na mkopo wa HELB. Nywila na nambari za vitambulisho vyao hupita katika mashine yenye matundu yasiyozibwa. Tumevumilia, tukisafisha virusi usiku baada ya kufunga, wala hatujamrudisha mteja.

Tunaomba Wizara izungumze na kampuni yenye Windows kwa niaba ya nchi. Masasisho ya ziada ya Windows 10 yamewekwa dola 61 kwa kila kompyuta ya biashara katika mwaka wa kwanza, na dola 1 tu kwa shule. Saiba ya kijijini inayomhudumia raia ipewe bei ya shule. Kompyuta za shule za umma zilipiwe na Serikali.

2. Tumeshauriwa kuhamia Linux, nasi tumeanza kwa moyo mmoja. Kwa kompyuta za biti 64 prosesa si kikwazo. Kikwazo ni bando la kushusha faili la gigabaiti kadhaa, na fundi wa kuonyesha njia. Zile kuukuu za biti 32 zina tabu yake: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake kwa mashine hizo, na Debian 12 imepangiwa masasisho hadi Juni 2028 tu.

Tunaomba Kaunti iweke seva moja Kisii mjini yenye nakala za Debian na Ubuntu pamoja na masasisho yake, fundi aje na flashi anakili bure. Tunaomba pia wakufunzi wa vyuo vya ufundi wafunzwe Linux, ili kijana asihitimu akijua mfumo mmoja tu.

3. Wachache waliojinyima wakanunua kompyuta mpya zenye prosesa za ARM badala ya za Intel hawakupona. Programu nyingi za zamani hufunguka kwa kuigizwa, lakini draiva haiigizwi: ni lazima iandikwe upya kwa ajili ya ARM. Printa au skana isiyoandikiwa hukaa mezani bila kazi, na saiba isiyochapa haina mteja.

Tunaomba kila kifaa kinachonunuliwa kwa fedha za umma kijaribiwe kwanza pamoja na printa zilizopo.

4. Muuzaji hutuambia ukubwa wa diski na bei. Kizazi cha prosesa hakitaji, wala mwaka ambao mfumo uliomo utaachwa. Mjane aliyemfungulia mwanawe saiba kwa mkopo hugundua baada ya kulipa, na deni linabaki.

Tunaomba sheria ya kila kompyuta ya mtumba inayoingia nchini kubandikwa kizazi cha prosesa na tarehe ya mwisho ya masasisho, na asiyebandika asiruhusiwe kuuza.

Waheshimiwa, tunajua ombi la kwanza na la nne yatachukua muda. Seva ya Kisii haihitaji mkataba wa nje wala sheria mpya. Iko ndani ya uwezo wa Kaunti. Tunamwomba Mheshimiwa Gavana aianzishe kabla ya muhula ujao kufunguliwa, nasi mafundi wa Itumbe tuko tayari kuja kuisimika bila malipo.

Tunawasilisha kwa heshima.