Wakuu Wawili, Mtoto Mmoja

Woodbury, mji uliokuwa na wakazi wapatao 75,000 mwaka 2020, ulio mashariki ya Saint Paul katika jimbo la Minnesota, una jambo moja ambalo mgeni halitambui upesi: watoto wanaocheza katika theluji moja na kusali katika msikiti mmoja au kanisa moja, asubuhi hupanda mabasi ya wilaya tatu mbalimbali za shule, yaani ya 833, ya 622 na ya 834, ilhali ulinzi wao majumbani umo mikononi mwa kaunti ya Washington, yenye makao yake Stillwater. Mwalimu mkuu ana bodi yake, na msimamizi wa huduma za watoto ana makamishna wake, wala hakuna mwenye amri juu ya mwenziwe. Kinachowakutanisha ni mtoto, na aghalabu huwakutanisha siku ya balaa.

Naandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa Uvira, huko Kongo, rafiki yangu, afanyaye kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Mwanawe wa miaka tisa alimwambia mwalimu, kwa fahari ya mtoto, kwamba yeye ndiye awapikiaye wadogo zake uji kabla mama hajarudi. Shule, ambayo sitaitaja, ikatoa taarifa; idara ya ustawi wa watoto, ambayo nayo sitaitaja, ikabisha hodi. Mama yule alieleza habari yake mara tatu kwa watu watatu, kupitia mkalimani wa simu asiyejua Kiswahili cha Kivu, kisha akaniambia, “Dada, kila mutu anaanza mwanzo.” Uji ulikuwa bado jikoni, katika sufuria ndogo, na kijiko kimesimama ndani yake. Simlaumu mwalimu, maana sheria ya Minnesota yamlazimu mwalimu anayeshuku kwamba mtoto anadhulumiwa au ametelekezwa kutoa taarifa kabla ya saa 24 kupita. Kilichokosekana ni wakuu wawili wanaojuana, wenye elimu ya kupambanua ufukara na utelekezaji.

Je, elimu hiyo yaweza kufundishwa, na mafunzo ya uongozi yana taathira yoyote kwa mtoto? Mwaka 2004 wataalamu wakiongozwa na Kenneth Leithwood, miongoni mwao Karen Seashore Louis na Kyla Wahlstrom wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walipitia tafiti nyingi wakakata shauri kwamba, katika mambo yaliyo ndani ya shule, uongozi unafuata mara moja baada ya ufundishaji wa darasani kwa kumfaa mwanafunzi. Mwaka 2019 taasisi ya RAND ilichunguza wilaya sita kubwa, New York na Denver zikiwamo, ikaona kwamba shule zilizopewa wakuu wapya chini ya mpango wa wilaya hizo wa kuandaa wakuu zilizipita shule zilizofanana nazo kwa takriban nafasi 6 katika kila 100 kwa kusoma, na karibu 3 kwa hesabu, kwa gharama ya dola 42 hivi kwa mwanafunzi kwa mwaka. Lakini wilaya hizo hazikufundisha tu: ziliweka vipimo vya kazi, zikachagua kwa hadhari, na baada ya kumkalisha mkuu kitini zikampa mshauri wa kumshika mkono. Anayeutumia utafiti huo kutetea semina ya siku mbili hotelini hakuusoma vyema.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Chuo chake cha Taifa cha Uongozi wa Shule, kilichoasisiwa mwaka 2000 na kuwa na makao Nottingham, mwaka 2009 kilipanuliwa jina na kazi ili kihudumie pia wakuu wa huduma za watoto. Mwaka 2013 kikaunganishwa na wakala wa walimu, na kufikia mwaka 2018 kikawa kimefutwa. Kwa rai yangu hiyo ilikuwa hasara, maadam dhana yake ilikuwa sahihi: wamchungao mtoto mmoja wafunzwe katika chumba kimoja.

Minnesota nayo, tangu Julai 2024, ina Idara ya Watoto, Vijana na Familia, iliyokusanya mambo yaliyotawanyika kwingi. Shule, hata hivyo, zimebaki chini ya Idara ya Elimu. Wako wahamiaji wenzetu watakaosema ni heri utengano huo, wakihofu mwalimu asigeuke mpelelezi wa nyumba zao. Hofu hiyo naiheshimu, kwani nimeiona machoni mwa rafiki yangu. Lakini taarifa ni faradhi tayari, na wakuu wasiojuana ndio wanaoifanya iwe kali zaidi ya haja yake. Leseni ya ukuu wa shule hapa yadai mazoezi ya kazi ya saa 320, na lau saa 40 kati ya hizo zingetumika katika ofisi ya ustawi wa watoto, na msimamizi wa ofisi hiyo naye akashinda wiki moja shuleni, mlangoni, watoto wakishuka mabasini, gharama ingekuwa ndogo mno.

Basi, mzazi mwenzangu wa Woodbury, utakapohudhuria kikao cha bodi ya wilaya yako, iwe 833, 622 au 834, simama uulize: mkuu wa shule ya mwanangu alikutana lini mara ya mwisho na msimamizi wa huduma za watoto wa kaunti, wakati hapakuwa na msiba? Ukipata jibu, peleka swali lilo hilo kwa makamishna wa kaunti, Stillwater.