Kabla Hujampa Kimzigo

Miaka minne iliyopita, habari zilipoenea kwamba nakwenda Tanga na mwanangu wa miezi saba, simu yangu haikupumzika wiki nzima. Watu kumi na mmoja walipiga. Tisa kati yao walikuwa na kimzigo. Simu ya mpwa, viatu vya bibi harusi, dawa za presha za mzee mmoja wa Korogwe. Hizo za mzee nilizibeba kwa moyo mweupe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitafikaje Heathrow na mtoto kifuani, mabegi mawili ya kilo 23 na kigari cha kusukuma.

Sikuwahi kuliandika hili. Naliandika sasa kwa sababu kina mama wanaolea peke yao katika jumuiya yetu hapa Leicester si wawili watatu tena, na wengi wao hufunga safari hii hii. Sizungumzii wiki mbili za Krismasi. Nazungumzia miezi mitatu, minne, katikati ya likizo ya uzazi, maana nafasi ni hiyo tu. Sheria ya hapa inampa mama aliyeajiriwa wiki 52 za likizo, na 39 kati ya hizo zina malipo kwa aliyetimiza masharti. Akisharudi kazini, miezi minne mfululizo ataipata wapi tena? Na mtoto atakapokuwa na miaka sita, je, bibi yake atakuwepo?

Lakini tunamwambia asubiri. "Mtoto mchanga hivyo unamtesea nini?" "Si ungoje akue kidogo?" Halafu linakuja lile swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, "Na baba yake anasemaje?" Anayeuliza kwa umbea, naomba aache. Anayeuliza kwa nia njema ana hoja, kwa hiyo tuiseme wazi, maana wengi hawaijui. Baba ambaye hakufunga ndoa na mama, lakini jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa kilichoandikishwa England kuanzia tarehe 1 Desemba 2003, ana haki za mzazi kisheria, hata kama hajawahi kununua pakiti moja ya nepi. Kumtoa mtoto nchini bila idhini yake ni kosa la jinai. Mama mwenye amri ya mahakama inayosema mtoto anaishi naye anaweza kusafiri naye kwa muda usiofika mwezi. Zaidi ya hapo, idhini inahitajika. Basi pata barua yenye sahihi, tarehe za kwenda na kurudi, na namba ya simu ya baba. Beba na cheti cha kuzaliwa, hasa kama mtoto hatumii ubini wako. Mimi niliulizwa siku ya kurudi, na karatasi hizo mbili zilinitoa pale dirishani kwa dakika tano.

Jambo la pili ni pesa. Mwenzetu mmoja alikaa Moshi miezi mitatu, aliporudi akakuta barua sakafuni nyuma ya mlango: malipo yamesimama, na nyingine inadai alichozidishiwa. Hakujua. Kwa kawaida Universal Credit huendelea mwezi mmoja tu ukiwa nje ya nchi, na Child Benefit wiki nane. Malipo ya likizo ya uzazi yanayopitia kwa mwajiri ni habari nyingine, hayo kwa kawaida hayasimami kwa sababu ya safari. Angekuwepo mtu mmoja kati yetu mwenye ufunguo wa nyumba yake, wa kuokota barua na kumsomea kwa simu, lile deni lingekamatwa likiwa bado dogo.

Viza nayo. Mtoto mwenye pasi ya Uingereza anaingia Tanzania kwa viza yake mwenyewe, dola 50, na ukomo wa siku 90. Hata asiyejua kukaa anahesabiwa siku. Wenzetu Wakenya wana nafuu, kwani Katiba ya 2010 inamtambua mtoto wa mama Mkenya kuwa Mkenya popote alipozaliwa; kinachobaki ni kumtafutia karatasi zake.

Kuhusu afya nitasema machache ambayo nimeona watu wakiyakosea. Mtoto wa kuanzia miezi sita anaweza kupewa chanjo ya surua mapema kwa ajili ya safari, na dozi zake za kawaida zikabaki palepale. Dawa ya kinga ya malaria hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo apimwe karibu na safari. Na mama anayenyonyesha asidhani kidonge anachomeza yeye kinamkinga mtoto kupitia maziwa. Hakimkingi. Mtoto anahitaji dawa yake, na chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro pande zote. Usiende Tanga, Pwani au kandoni mwa Ziwa Victoria ukitegemea feni.

Sasa niseme kuhusu njia yenyewe. Anayekwenda Nairobi hupata ndege ya moja kwa moja, saa nane na nusu hivi. Sisi wa Dar hubadilisha ndege mahali. Nilikuwa nimeomba kile kikapu cha kulalia mtoto kinachofungwa ukutani mbele ya viti, nikadhani nitalala. Kila taa ya mkanda ilipowaka nilitakiwa kumtoa, nimfunge mapajani kwangu, na kila nilipomtoa aliamka. Tulifika Doha usiku wa manane. Kigari kilikuwa kimeshachukuliwa kwenda na mizigo mpaka Dar. Nilikuwa na haja ndogo tangu juu ya Uturuki.

Mwenye mwenza hajui jambo hili lilivyo: huna mikono. Mlango wa choo, mkoba wenye pasi mbili, maziwa, mtoto aliyelegea kwa usingizi, sakafu yenye maji. Nilisimama pale nje nikijifunga kanga upya nimweke mgongoni, na kanga ikaniponyoka. Dada mmoja aliyekuwa anapiga deki akaegemeza fagio lake ukutani, akaitazama ile kanga, akasema, "Wewe ni wa nyumbani." Mkenya, wa Kakamega. "Nipe mtoto, mamaa. Nenda polepole." Nilipotoka nilimkuta amemlaza begani, pua yake kwenye utosi wa mtoto, macho ameyafumba. Akaniambia wa kwake yuko kwa nyanyake, anaingia mwaka wa pili sasa, na hajamshika tangu alipoanza kutambaa. Nilitaka kumpa chochote nilichonacho. Akakataa, akaokota fagio lake.

Dakika nne, pengine tano. Nimechangiwa mengi maishani na jumuiya hii, na nashukuru. Lakini nikiulizwa nani alinisaidia safari ile, wa kwanza ni yule dada nisiyelijua hata jina lake.

Mama alitupokea uwanjani Dar na kaka yangu. Hakunisalimia mimi kwanza. Alimtwaa mtoto, akamgeuza mgongoni kwa mkono mmoja kama alivyotubeba sisi sote, akakaza mbeleko, akasema, "Karibu mume wangu, umechelewa." Asubuhi yake nyumbani Tanga niliingia bafuni na ndoo yangu nikafunga mlango. Ndipo nikagundua kwamba kwa miezi saba sikuwahi kuoga mlango ukiwa umefungwa. Nililia humo ndani mpaka mama akagonga kuuliza kama maji yamekatika.

Miezi ile mtoto alijifunza kukaa kwenye jamvi barazani, alionja uji wa mtama, aliamkiwa na kila aliyepita. Nami nililala. Nilirudi Leicester mwanamke mwingine, mwenye kilo nne zaidi na uwezo wa kumaliza sentensi. Atakayeniambia ningengoja akue, simwelewi. Mama yangu alifariki mwaka uliofuata.

Akifariki mmoja wetu, siku tatu hazipiti tumeshachanga hela ya kumsafirisha, orodha ya majina inazunguka, magari yamepangwa nani anachukua nani. Utaratibu tunao, na tunauendesha vizuri. Ninachoomba ni utaratibu huo huo kwa mama aliye hai na mtoto wake: wa kumpeleka uwanjani na kusimama naye mpaka apite ukaguzi, wa kushika ufunguo na kusoma barua, wa kukagua naye tarehe za viza na idhini kabla hajalipia tiketi, na wa kumpokea siku ya kurudi akiwa ameshawasha hita na kuweka maziwa kwenye friji. Na yeyote atakayekuwa na kimzigo, kwanza ajiandikishe kwa mojawapo ya kazi hizo.

Daftari la majina nitalileta mwenyewe kwenye mkutano wa mwezi ujao. Kuna mwenzetu anaondoka na binti yake wa miezi minane kwenda Mwanza, Jumatano ya pili ya mwezi huo, miezi mitatu. Ndege ni ya asubuhi, kwa hiyo hapa itabidi kuondoka saa nane usiku. Mwenye gari lenye nafasi ya kiti cha mtoto aniambie baada ya mkutano.