Vyungu vya Siti na Hesabu ya Dumila
Mafuriko ya Januari 2014 yalipokata barabara kuu ya kwenda Dodoma pale Dumila, mkoani Morogoro, zilihesabiwa nyumba, mashamba na mifugo. Mtu wa makamo aliyebaki mikono mitupu hana safu yake katika hesabu za namna hiyo. Huambiwa alime tena au afungue genge, na akitaja ufinyanzi, ususi au ngoma, watu hudhani msiba umemchanganya. Nadhani tunakosea, na shahidi wangu ni mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, ndoa ikavunjika, akahamia mjini mwaka 1911 akiwa mchuuzi wa vyungu. Santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, umri ukikaribia hamsini. Mtasema wimbo haujazi tumbo. Kweli, lakini Siti hakuanza kuimba kwa kuacha biashara: sauti ndiyo iliyowaita wanunuzi wa vyungu vyake. Mtasema pia kipaji kile ni cha mmoja katika laki. Nakubali (sauti ya namna ile haigawiwi kwa foleni), ila sizungumzii umaarufu. Hata yeye alifundishwa muziki ukubwani, na pale Dumila, abiria wa Dodoma wanaponunua vitunguu na nyanya dirishani, kikapu kizuri nacho kingepata mnunuzi. Kinachokosekana ni mafunzo na mtaji. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hugawiwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu; mgane wa miaka hamsini, mzima wa viungo, hana fungu.