Mtoza Ushuru na Nyumba Yake



Siku moja katika mwezi uliopita, tulipokuwa tumekwisha sali, mzee mmoja wa upande wa Bunda alinishika mkono akanivuta kando chini ya mwembe, mahali pasipo masikio ya watu. Akaniambia, "Mwalimu, kijana wangu amepata kazi ya halmashauri. Anatoza ushuru mwaloni. Mama yake amefurahi, lakini mimi sina raha. Tangu aianze kazi hii, majirani hawatuamkii kama zamani. Je, kazi hii yamfaa mtoto wa nyumba ya Kikristo?"

Sikumjibu papo hapo. Nalimwambia, "Mzee wangu, nipe muda nifikiri." Leo nataka kumjibu hapa mbele yenu, maana najua ya kuwa nyumba nyingi za kwetu Musoma, Bunda na Butiama zina swali lilo hilo, ijapokuwa hazilisemi.

Kwanza na tukumbuke kwa nini jina la mtoza kodi ni chungu vinywani mwetu. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba katika mwaka 1898, rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa jasho lake, akitumikishwa. Vita vya Maji Maji vilipowaka upande wa kusini mwaka 1905, kodi ilikuwa mojawapo ya sababu zake. Baada ya vita kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza nao waliendelea kutoza kodi ya nyumba na ya kichwa, sasa kwa shilingi. Mwanamume aliyekutwa hana cheti aliona taabu. Babu yangu alikitunza cheti chake katika kopo la tumbaku, akalichomeka kopo katika nyasi za paa. Na mvua ilipovujisha nyumba, kopo lile aliliokoa kwanza, ndipo akakumbuka unga.

Na nani alikuwa mtoza kodi huyo? Mara nyingi hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa kijiji. Tazameni Butiama. Hapo kale Wazanaki hawakuwa na mtemi mmoja juu yao wote. Waliwasikiliza wazee wao na waleta mvua. Wadachi ndio waliotaka kila mahali pawe na mtu mmoja wa kuulizwa. Nyerere Burito akawa mtemi wa Butiama katika mwaka 1915, akaushika utemi huo hata kufa kwake mwaka 1942. Katika siku za Waingereza, sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi na mabaraza yao madaraka juu ya watu wao, na kukusanya kodi kulikuwa katika kazi kubwa za mtemi. Sehemu ya kodi hiyo iliingia katika hazina ya wenyeji, na humo ndimo walimolipwa watemi na makarani wao, na humo zilitoka kazi za wilaya.

Fikirini, ndugu zangu, hali ya mtu kama huyo. Amdai kodi mtu ambaye jana walikula pamoja arusini, na kesho watazika pamoja. Mtemi Nyerere alikuwa na wake 22 na watoto 26. Bila shaka wakwe, mashemeji na wajomba wa nyumba kubwa kama hiyo hawakuwa mbali. Mbele ya serikali yeye ni mtu wa watu wake, na mbele ya watu wake yeye ni mtu wa serikali. Kati ya mawe hayo mawili mtu husagwa.

Lakini liko jambo jingine la kukumbuka. Mwaka 1934 mtemi huyo alimpeleka mwanawe Kambarage, mwenye umri wa miaka 12, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, karibu maili 26 kutoka nyumbani. Shule hiyo ilikuwa ya utawala wa wenyeji, na shule za namna hiyo zilitegemea hazina ile niliyoitaja. Basi fedha iliyotoka kwa uchungu katika nyumba za nyasi ilirudi, ijapokuwa kidogo, ikawa ubao na chaki. Mtoto aliyesoma pale ndiye Mwalimu Julius Nyerere, aliyeiongoza Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961.

Katika mwaka 1969, yeye akiwa Rais, kodi ya kichwa iliondolewa. Baadaye ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo, ikaondolewa tena mwaka 2003. Lakini mtu asidhani kwamba Mwalimu aliidharau kodi. Siku ya Mei Mosi, mwaka 1995, aliwaambia watu waliokusanyika Mbeya kwamba serikali ya wala rushwa haiwezi kukusanya kodi. Huwaacha wakubwa, ikabaki kukimbizana na wadogo njiani. Mwaka uliofuata, 1996, Mamlaka ya Mapato ilianza kazi yake katika nchi yetu.

Sasa na tumtazame kijana wetu wa mwaloni. Mamlaka ya Mapato hutoza kodi za nchi nzima. Yeye hutoza ushuru wa halmashauri: wa mwalo, wa soko, wa mnada, wa mazao. Kiwango hakitoki kichwani mwake. Tangu ushuru wa mazao ulipopunguzwa, yaani mwaka 2017, haupiti asilimia 3 kwa mazao ya biashara, kama pamba, wala asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkononi ana mashine ndogo itoayo risiti. Nayo sheria yaitaka halmashauri itenge sehemu ya kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zake, ikaanza tena mwaka 2024. Basi mama auzaye dagaa, atoapo ushuru wake leo, huenda mwakani kikundi chake kikapewa mtaji uliotoka katika beseni lake mwenyewe. Lakini hayo hutimia ikiwa fedha imefika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameandika mara nyingi juu ya fedha zilizokusanywa kwa mashine hizo, wala zisifikishwe benki.

Fedha hiyo hupotelea wapi? Wengi husema, "Mtoza ushuru ni mwizi." Mimi nasema, tazameni nyumbani kwake. Jioni kijana arudi na fedha ya watu mfukoni, kwa kuwa benki imekwisha fungwa. Mama asema, "Mwanangu, mdogo wako amerudishwa shule kwa ajili ya mchango." Shemeji asema, "Nina msiba, nikopeshe tu, nitarudisha Ijumaa." Mjomba asema, "Kesho napitisha magunia yangu. U mtoto wetu, hutanidai mimi." Hapana hata mmoja aliyesema, "Iba." Wote wamesema maneno ya upendo. Lakini Ijumaa hufika na fedha haifiki, na kijana hupelekwa mbele ya hakimu peke yake. Mama, shemeji na mjomba hubaki nje wakilia.

Twamsoma Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru, aliyepanda mkuyu. Hatusomi kwamba aliagizwa kuiacha kazi yake. Alirudisha alichodhulumu mara nne, na wokovu ukafika nyumbani kwake. Naona jambo katika neno hilo nyumba. Mtoza ushuru huharibiwa kwanza nyumbani, na nyumbani ndiko awezako kuokolewa.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili. Kazi hii yamfaa kijana wako, ikiwa yeye atakuwa na mambo matatu. Ampe risiti kila alipaye, hata asiyeiomba. Aifikishe fedha benki mapema iwezekanavyo, wala asilale nayo kwa hiari. Na amdai mtu kwa heshima: amwamkie mama kabla ya kumtaja ushuru, wala asimwage beseni lake chini. Mtu aliyelipa chini ya matusi huona ameporwa, hata kama risiti iko mkononi.

Nanyi wa nyumbani mna kazi yenu. Msimwombe mkopo katika fedha isiyo yake. Msimwombe awasamehe ushuru kwa ajili ya damu; tena ninyi mlipe wa kwanza, mbele ya macho ya watu, ili jirani aone. Nasi sote tulipao tudai risiti, wala tusikubali kupunguziwa nusu ili tuondoke bila karatasi. Anayepokea nusu hiyo ana dhambi, na sisi tuliompa tunayo pia.

Ama hao majirani wasiokuamkia, mzee wangu, anza wewe kuwaamkia. Siku watakapoona kwamba mjomba wa kijana naye amelipia magunia yake, watarudi mmoja mmoja.

Na kila jioni, kabla ya kunawa mikono kwa chakula, mwulize mwanao swali moja tu: "Fedha ya leo imefika?" Akijibu ndiyo, kuleni kwa amani.