Msichana Aliyejiokoa Tusimwite Aliyeokolewa

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali jepesi la sarufi: kuna tofauti gani baina ya kuokolewa, kuokoka na kujiokoa? Jibu halikawii. Kuokolewa ni kauli ya kutendwa, kuokoka ni kauli ya kutendeka, na kujiokoa kuna kirejeshi "ji", ambapo mtenda na mtendwa ni mtu yule yule. Hapakosi mmoja wa kutukumbusha, huku wenzake wakicheka, kwamba mamake aliokoka katika mkutano wa injili. Basi tunacheka sote, daftari zinafungwa, nasi tunaingia mada nyingine.

Mwaka huu sikuwaruhusu kuzifunga upesi. Sababu ni jambo nililolishuhudia wakati wa likizo katika nyumba moja ya hifadhi ya wasichana huko Bonde la Ufa. Jina la nyumba hiyo sitalitaja, kwa kuwa wanaoiendesha ni watu wema, na kosa nitakalolieleza si lao peke yao. Mimi nami nilishiriki.

Nilikwenda kwa mwaliko wa mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye hujitolea kuwafundisha wasichana hao siku za Jumamosi. Siku hiyo palikuwa na wageni waliotarajiwa kutoa msaada. Tulinyweshwa chai, tukaimbiwa, kisha msichana wa umri wa miaka 14 hivi akasimamishwa mbele ya kadamnasi atusimulie maisha yake. Aliyasimulia kwa Kiswahili sanifu kisicho na kasoro, macho yakitazama ukuta wa nyuma. Nilitolewa kwenye hatari. Nililetwa hapa. Nilipewa godoro. Nilivishwa viatu. Nilirudishwa shuleni. Kisha akaeleza, kwa utaratibu uleule, yale ambayo jamaa zake walikusudia kumfanyia: wembe kwanza, mume baadaye. Mgeni mmoja alipangusa machozi. Mwingine alipiga picha. Nasi sote tukapiga makofi, nami nikiwemo.

Baadaye nilimkuta akiosha vikombe nje. Nilimuuliza alifikaje hapo, nikidhani atanirudia hotuba. La hasha. "Nilitoka usiku," akasema. "Nilivaa sare ya shule ndani ya shuka ili nikikutana na mtu asubuhi adhani naenda shuleni. Nilifuata barabara ya lami, nikajificha kila nilipoona taa. Kulipokucha nikasimamisha gari la maziwa, nikamwambia dereva anipeleke kwa polisi. Alikataa, nikamwambia basi anipeleke karibu na polisi."

Msomaji na ahesabu vitenzi katika maelezo hayo mawili. Mbele ya wageni, msichana huyu alikuwa kama kifurushi kilichobebwa na mikono ya watu wengine. Penye beseni la vikombe alikuwa mtu aliyepanga, aliyetembea, aliyebishana na dereva mtu mzima na kumshinda kwa hoja. Maisha ni yale yale, msimulizi ni yule yule. Kilichobadilika ni kiambishi kidogo tu mwishoni mwa kitenzi, na katika kiambishi hicho akapotea yeye mwenyewe.

Sikuweza kunyamaza. Nilimwendea msimamizi wa nyumba hiyo, mama mmoja aliyestaafu ualimu, nikamweleza lililonikera. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kusahihisha insha za watoto wa darasa la nne. "Daktari," akaniambia, "mgeni akisikia kwamba msichana alijileta mwenyewe, atauliza yeye anahitajika kwa nini. Unga haujiletí." Kisha akanionyesha daftari lake.

Ningependa wasomaji wa safu hii, hasa walimu, wafahamu yaliyomo katika daftari la aina hiyo, kwa sababu watu wengi hudhani kuendesha nyumba ya hifadhi ni kupokea misaada na kupigwa picha. Msichana anapobisha hodi usiku, msimamizi hampi kitanda tu. Humpeleka kituo cha polisi ili habari zake ziandikwe katika kitabu cha matukio. Humpeleka hospitali, na kama amekwisha kudhuriwa, fomu ya P3 hujazwa. Humwarifu afisa wa watoto na kuomba amri ya mahakama, maana bila amri hiyo yeye mwenyewe aweza kushtakiwa kwa kumficha mtoto wa watu. Hutafuta nafasi shuleni katikati ya muhula. Hununua sodo, vitabu, sabuni. Hupigiwa simu za matusi na jamaa wa msichana, na pengine mtu wa hadhi katika eneo humwonya taratibu kwamba anavunja mila. Fauka ya hayo yote, lazima awaandikie wafadhili ripoti, na ripoti hiyo inataka hadithi yenye machozi. Mama huyu hulipwa posho ambayo mwanafunzi wangu wa shahada ya pili angeikataa.

Hivyo lawama yangu ilipungua, ingawa haikuisha. Nilianza kujiuliza kama kuna njia nyingine.

Walimu wenzangu watakumbuka kwamba kazi hii, katika nchi yetu, sehemu yake ilianzia katika mabweni ya shule. Priscilla Nangurai, alipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, aliwapokea wasichana waliokuwa wakikimbia ndoa za mapema, akawafundisha pamoja na wengine. Huko Narok, Agnes Pareyio, aliyekeketwa akiwa msichana mdogo licha ya kupinga, alizunguka vijijini kwa miguu akibeba mfano wa kuchonga wa maumbile ya mwanamke, akiwaeleza akina mama na wasichana kile ambacho wembe unakiondoa na madhara yake. Mwandishi wa Marekani Eve Ensler alipomuuliza anahitaji nini, alitaja gari la kumfikisha mbali zaidi. Baada ya gari ilikuja nyumba, iliyofunguliwa mwaka 2002 kwa jina la Tasaru Ntomonok, maneno ya Kimaa yenye maana ya kumwokoa mwanamke.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Hapo kuna kitenzi cha kuokoa, na mwanamke ni yambwa. Je, basi Pareyio naye ametenda kosa nililolikuta kwa msimamizi wetu? Sidhani. Jina la nyumba ni wito kwa jamii nzima: okoeni. Halimwelezi msichana fulani mbele ya macho yake mwenyewe. Zaidi ya hayo, nyumba ile haikukoma katika kumpokea msichana. Iliwaita wazazi, ikaketi nao, ikatafuta upatanisho ili binti aweze kurudi kwao akiwa mzima. Anayepatanishwa na babake hawezi kuwa kifurushi. Lazima aulizwe anataka nini.

Mfano mwingine ni kijiji cha Umoja katika Samburu, kilichoanzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli na wanawake wenzake, baadhi yao wakiwa wamefukuzwa na waume baada ya kubakwa. Hawa walijenga manyatta zao, wakashona shanga, wakawauzia watalii, wakaanzisha shule. Mtu anaweza kuulalamikia utalii huo, nami nina mashaka yangu juu ya wageni wanaolipa kiingilio ili kuwatazama wanawake. Walakini anayeweka bei ni mwanamke wa Umoja mwenyewe, na shanga ndizo zinazouzwa, wala si kilio chake.

Kuna atakayesema kwamba haya ni maneno matupu ya watu wa chuo, na kwamba muhimu ni matokeo. Matokeo yapo, tena ya kutia moyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba mwaka 1998, asilimia 38 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 21, na mwaka 2022 asilimia 15. Sheria ya Watoto ya 2001 na ile ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji zilisaidia, lakini sheria haifungui mlango saa nane za usiku. Waliofungua ni hawa wasimamizi, na waliobisha ni wasichana wenyewe. Tunapoondoa nusu ya pili ya sentensi hiyo, tunaipotosha historia.

Pia tunavunja sheria. Katiba yetu, kifungu cha 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya faragha. Msichana wa miaka 14 anayesimulia wembe na ndoa mbele ya wageni wenye kamera amekubali kwa hiari gani, ilhali chakula chake cha kesho kinategemea usimulizi huo? Mwalimu yeyote darasani anajua kwamba "ndiyo" ya mtoto mbele ya mkubwa si lazima iwe ndiyo.

Najua jibu la msimamizi: unga. Na hapa ndipo serikali inapoingia lawamani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya humu nchini yalijikuta taabani kwa muda wa wiki chache. Nyumba inayotegemea huruma ya mgeni hulazimika kuitafuta huruma hiyo kila mara, na huruma ikipungua, hadithi huongezwa chumvi. Upande mwingine, mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 unakusudia, katika miaka 10, kuwatoa watoto katika makao ya malezi na kuwarudisha katika familia. Kwa mayatima na watoto wa maskini, naunga mkono kwa mikono miwili. Mtoto ni wa nyumbani. Lakini msichana anayekimbia wembe anakimbia familia yenyewe. Kumrudisha kabla ya upatanisho ni kumkabidhi kwa waliomwinda. Nyumba za hifadhi za muda zitahitajika, na gharama yake iwe katika bajeti za taifa na kaunti, kama ilivyo gharama ya zahanati. Hatumsimamishi mgonjwa wa malaria atusimulie homa yake ndipo apewe dawa.

Kwa walimu nina ombi dogo. Wasichana hawa wataketi katika madarasa yenu muhula ujao. Msiwatambulishe kwa wenzao kama "wale waliookolewa". Msiwape insha ya "siku nisiyoisahau" kisha mkaisoma kwa sauti. Msichana akitaka kusimulia, atasimulia kwa wakati wake na kwa vitenzi vyake.

Nilimwambia msimamizi karibu yote niliyoyaandika hapa, kwa ukali kidogo kuliko ilivyostahili, maana chai yake nilikuwa nimeinywa. Hakunijibu siku ile. Juma lililopita alinipigia simu. Wageni wengine wanakuja mwezi ujao, na safari hii atazungumza yeye mwenyewe, akiwa na daftari lake mkononi. Nilimuuliza kuhusu msichana yule. Akasema hatakuwepo, siku hiyo ana mtihani wa Hisabati, na ameomba asisumbuliwe.