Damu ya mbuzi wetu huenda wapi?

Siku moja ya soko, karibu na mji wa Wote, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alikuwa ameleta beberu wake kumuuza ili alipe karo ya mjukuu, nami nilikuwa nimesimama kando yake kama wasimamavyo walimu sokoni, nikiuliza bei bila ya kununua. "Mwalimu," akasema, "miezi kadhaa iliyopita walifika kwangu vijana waliovaa makoti meupe wakawatoa mbuzi wangu damu. Walijaza vichupa, wakaandika, wakaenda zao. Mpaka leo sijasikia neno. Hivi hii damu ya mbuzi wetu huenda wapi?"

Swali hilo nimelitafakari kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba halihusu mbuzi wa mzee huyo peke yao. Linahusu ufugaji wote wa Kitui na Makueni, nchi ya ukame ambamo mahindi husinyaa mwaka baada ya mwaka na mbuzi ndiye benki, ndiye bima na ndiye karo ya shule. Maoni yangu ni kwamba upimaji wa damu ya mifugo hautatufaa kitu hadi mambo mawili yatimizwe: habari iliyomo katika damu imrudie mwenye mnyama, na hasara inayotokana na habari hiyo isiachwe mabegani mwake peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe, hasa kwa ajili ya wanafunzi. Damu hupimwa kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni kumtafuta mdudu mwenyewe. Tone la damu kutoka katika mshipa wa sikio hupakwa juu ya kipande cha kioo, likatiwa rangi na kutazamwa kwa darubini. Kwa njia hiyo huonekana vimelea vya ndigana vinavyoletwa na kupe, na vile vya nagana vinavyoletwa na mbung'o, mdudu ajulikanaye sana na wakazi wa Kibwezi na Kitui Kusini wanaopakana na mbuga za Tsavo. Siku hizi kuna pia mitambo inayotambua chembechembe za urithi za mdudu huyo hata akiwa mchache mno.

Njia ya pili ni kutafuta nyayo za adui badala ya adui mwenyewe. Mwili ukishambuliwa hutengeneza kingamwili, na kingamwili hizo hubaki katika damu baada ya vita kwisha. Ugonjwa wa brusela, ule unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, hupimwa hivyo: tone la majimaji ya damu huchanganywa na tone la dawa yenye rangi ya waridi juu ya kigae, na baada ya dakika nne mtazamaji huangalia iwapo mchanganyiko umegandamana kuwa vijipunje. Kipimo hicho ni rahisi, hakidai mtambo mkubwa, ingawa jibu lake huhitaji kuthibitishwa kwa kipimo kingine.

Hapa ni lazima nitoe tahadhari. Damu ni shahidi mwema, lakini si hakimu. Mnyama mwenye kingamwili huenda alikwisha kupona zamani, au huenda alichanjwa tu. Na mnyama ambaye darubini haikuona nagana kwake leo huenda anayo, kwa kuwa vimelea hivyo hupungua na kuongezeka katika damu siku hadi siku. Kwa hiyo jibu la maabara lisomwe pamoja na historia ya mnyama, na anayeijua historia hiyo kuliko wote ni mfugaji mwenyewe.

Sasa tuitazame hali ilivyo vijijini. Mbuzi akianza kukohoa, kutokwa na kamasi na kupumua kwa taabu, mwenyewe huenda kwenye duka la dawa za mifugo, akaeleza dalili, akauziwa chupa na sindano. Lakini dalili hizo ni za magonjwa zaidi ya moja. Huenda ni homa ya mapafu ya mbuzi, inayoletwa na bakteria ambaye wataalamu walimtambua kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1976. Huenda pia ni sotoka ya mbuzi na kondoo, inayoletwa na virusi na ambayo iliingia nchini kupitia Turkana katika miaka ya 2006 na 2007. Dawa ya bakteria yaweza kumwokoa mbuzi wa kwanza akiwahiwa. Kwa wa pili haiwezi kumuua adui aliyemwangusha. Ni vivyo hivyo kwa ng'ombe anayekonda na kuwa na homa: dawa ya ndigana haiponyi nagana.

Mimi mwenyewe nimeyashuhudia haya. Jirani yetu huko Kitui aliwadunga mbuzi wake dawa ya dukani kwa juma zima, nao wakaendelea kufa mmoja baada ya mwingine. Sampuli zilipochukuliwa, jibu lilichukua majuma kadhaa. Kufikia hapo zizi lilikuwa limebaki na wanyama watatu, na binti yake aliyekuwa kidato cha pili alikuwa nyumbani kwa kukosa karo. Sisemi kwamba jibu la mapema lingewaokoa mbuzi wote. Lakini lingemwokoa baba huyo asitumie fedha zake za mwisho kununua dawa isiyofaa, na lingewaonya majirani wasichanganye mifugo yao kisimani.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitaalamu mno kwa nchi maskini, na kwamba hata hospitali za watu hazina vipimo vya kutosha. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi. Jibu langu ni kwamba damu ya mifugo na afya ya watu havitengani. Brusela humwingia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kumzalisha mnyama mgonjwa kwa mikono mitupu, kisha humletea homa za kwenda na kurudi na maumivu ya viungo ambayo wengi huyadhania kuwa malaria. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake vilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha katika miaka ya 1930 na 1931, huanza kwa kondoo na mbuzi kutupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa. Katika mlipuko wa miaka ya 2006 na 2007, ulioanzia upande wa Garissa, wafugaji waliziona dalili katika mifugo yao kabla ya wakubwa kuanza kuchukua hatua. Watu zaidi ya 150 walifariki nchini. Kitui inapakana na Kaunti ya Tana River, na mbu hawajui mipaka ya kaunti.

Wala si kweli kwamba jambo hili linatushinda. Karibu nasi, ng'ambo ya Mto Tana, kuna Mbuga ya Meru inayotazamana na Hifadhi ya Mwingi. Humo ndimo nyati walimopatikana na sotoka ya ng'ombe mwaka 2001, na huo ukawa ushahidi wa mwisho wa ugonjwa huo kuthibitishwa duniani. Baadaye chanjo ilisimamishwa, na watumishi wa idara ya mifugo wakazunguka wakikusanya damu ya ng'ombe na ya wanyama wa porini, wakitafuta kingamwili. Kama zisingeonekana kwa wanyama waliozaliwa baada ya chanjo kukoma, basi ugonjwa haupo. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetoweka kabisa, ugonjwa wa pili katika historia kufutwa baada ya ndui. Chanjo ndiyo iliyouangamiza ugonjwa, lakini ni damu iliyothibitisha kwamba umekwisha.

Sasa mataifa yamejiwekea lengo la kuifuta na sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo mwaka 2030. Mwezi wa Januari 2025 serikali yetu ilianzisha kampeni ya chanjo ya kitaifa, ikilenga ng'ombe milioni 22 pamoja na mbuzi na kondoo milioni 50. Sote twakumbuka mabishano yaliyotangulia kampeni hiyo, hata baadhi ya wafugaji wakaapa kwamba sindano haitagusa zizi lao. Wengine waliwaita wajinga. Mimi siwaiti hivyo. Mtu ambaye damu ya mbuzi wake ilichukuliwa bila ya maelezo, na jibu lisirudi, ana sababu ya kuishuku sindano inayokuja mara ya pili. Imani hujengwa kwa kurudisha majibu. Tena kipimo cha kawaida cha sotoka ya mbuzi hakiwezi kumtofautisha mnyama aliyechanjwa na yule aliyeugua akapona. Pasipo daftari linaloonyesha ni nani aliyechanjwa na lini, hata damu yenyewe itatuchanganya.

Nafika sasa kwenye kiini cha jambo. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tujiulize kwa nini mfugaji huficha. Ng'ombe wake wa pekee akipatikana na brusela, ushauri ni kwamba asibaki zizini, kwa maana matibabu ya mnyama huyo hayaaminiki. Ugonjwa fulani ukithibitishwa, soko hufungwa na mifugo haihamishwi. Haya yote ni sawa kwa manufaa ya umma. Lakini umma hunufaika, na mmoja hupoteza. Sijapata kumwona kijijini kwetu mtu aliyelipwa chochote kwa sababu ya kusema kweli kuhusu mnyama wake. Basi mwenye busara ya kimaskini hufanya nini? Humpeleka mnyama sokoni kabla ya daktari kufika, na ugonjwa ukapata safari ya bure hadi zizi la mtu mwingine.

Tangu mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za mifugo na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni kazi za kaunti. Kwa hiyo ombi langu nalielekeza Kitui na Wote kabla ya kulielekeza Nairobi. Kwanza, vipimo vyepesi, yaani darubini, mtambo mdogo wa kuzungusha damu na kile kipimo cha brusela cha juu ya kigae, viwe karibu na masoko ya mifugo, pamoja na mtu aliyefunzwa kuvitumia. Vipimo vikubwa viendelee kupelekwa Kabete, lakini kwa utaratibu wa baridi, maana damu iliyopikwa na jua la Kibwezi haisemi lolote. Pili, iwe ni sheria kwamba anayechukua damu amwachie mwenye mnyama karatasi yenye tarehe, jina la kipimo na siku ya kurudisha jibu. Tatu, kaunti zitenge fungu, hata likiwa dogo, la kumfidia anayempoteza mnyama kwa ajili ya usalama wa wengine. Gharama ipo, sikatai. Lakini mlipuko mmoja unaofunga masoko ya Ukambani kwa miezi mitatu hugharimu zaidi, na gharama hiyo hulipwa na wale wasio na uwezo.

Nasi walimu tusijitoe. Wanafunzi wetu husoma habari za kingamwili vitabuni, wakajibu maswali ya mtihani, kisha wakarudi nyumbani wakamwona baba akidunga sindano kwa kubahatisha wasiseme neno. Somo hilo lingekuwa na uhai kama mwanafunzi angeweza kumweleza mzazi wake tofauti ya bakteria na virusi, na kumwandikia daftari la zizi: mbuzi yupi alichanjwa, yupi alitupa mimba, na lini.

Mzee yule wa sokoni alimuuza beberu wake siku ile kwa bei isiyomridhisha. Alipokuwa akizihesabu fedha alinikumbusha swali lake, nami nikamwahidi kwamba nitaliuliza mahali litakaposikika. Nimeliuliza. Wenye jibu wasinijibu mimi, wamjibu yeye.