Watoto wa Eastlands Watunge Maswali Yao

Wakazi wenzangu wa Eastlands, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Dandora na Kayole:

Mwanafunzi wa Gredi ya Saba anayeishi Ofafa Jericho atakutajia mto mrefu kuliko yote barani Afrika bila kusita. Muulize Ofafa alikuwa nani, huenda akabaki kukutazama. Kosa si lake. Maswali ya chemsha bongo anayoulizwa hutungwa mbali na mtaa wake, na yeye hajawahi kuombwa atunge hata moja. Ninawasihi tumwombe.

Likizo ijayo, kila mtaa uunde kundi la wanafunzi watakaotafiti na kutunga maswali ishirini kuhusu mahali wanapoishi. Kisha mitaa ishindane ukumbini: Maringo iulize, Mbotela ijibu, Mbotela iulize, Bahati ijibu.

Kutunga swali ni kazi nzito kuliko kulijibu. Anayejibu hutegemea kumbukumbu. Anayetunga sharti awe na hakika. Chukueni majina ya mitaa yetu. Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi, akauawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Tom Mbotela, aliyekuwa kiongozi katika chama cha KAU, aliuawa Novemba 1952. Mtoto akiuliza, “Ofafa aliuawa mwaka gani?” ametunga swali lenye jibu moja. Akiuliza, “Je, Ofafa alistahili mtaa kupewa jina lake?” ameanzisha mjadala, nao unahitaji kikao chake. Mtoto anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili hatadanganywa kwa urahisi na uvumi unaosambazwa kwenye simu.

Au chukueni Kaloleni. Wengi husimulia kwamba nyumba zake zilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mtafiti mdogo asiishie hapo. Aulize: ni nyumba zipi hasa? Mwaka gani? Aliyekusimulia aliona, au naye alisimuliwa?

Kwa hiyo tuwape watoto kanuni chache. Kila swali liwe na jibu moja. Jibu lithibitishwe na vyanzo viwili visivyotegemeana. Wazee wawili waliosikia habari kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja. Jina la mzee lisiandikwe bila idhini yake. Lisilothibitishwa lisitupwe, bali liandikwe kando likisubiri ushahidi.

Vyanzo tunavyo. Kaloleni na Makadara kuna matawi ya Maktaba ya McMillan, ambayo ilipofunguliwa mjini mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu pekee. Leo mtoto wa Muthurwa anaingia na kuomba kitabu. Nyaraka za Taifa ziko katikati ya jiji, karibu na sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa mbunge jijini Nairobi. Lakini hazina kubwa zaidi imekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya milango yetu, na hiyo haitatungoja.

Kijiji cha Pangani kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wengi walihamishiwa Shauri Moyo. Walioishi katika Pangani ile karibu wote wametangulia mbele ya haki. Dandora ni tofauti. Katika miaka ya 1970, mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligawa viwanja takriban 6,000, na waliogawiwa wakajijengea vyumba hatua kwa hatua. Baadhi yao bado tunao. Wanajua nani alifyatua matofali, maji yalichotwa wapi, shule ilianzaje. Wakati huohuo nyumba za zamani za Eastlands zinabomolewa kupisha maghorofa, na majirani wanatawanyika. Mzee akihama, mtoto atamuuliza nani?

Walimu, mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kwa kuihudumia jamii. Kazi hii ni huduma kamili, ipeni nafasi. Wazee wetu, wafungulieni watoto milango, na msilolijua semeni hamlijui, kwa sababu hilo nalo ni funzo. Wazazi, wasindikizeni watoto wanapokwenda kuhoji watu. Vijana wa matatu, mnaozijua steji zote na asili ya majina yake, kubalini kuhojiwa kwa subira. Wawakilishi wadi, toeni kumbi za jamii siku ya mashindano bila kudai ada. Na maswali yaliyothibitishwa yapigwe chapa, nakala moja ikabidhiwe maktaba ili kundi la mwaka ujao lianzie hapo.

Hatuhitaji mfadhili ili kuanza. Tunahitaji daftari, kalamu, mwalimu mmoja na wazee wawili kwa kila mtaa. Jumamosi hii, mwalimu wa mtaa wako na wazee hao wakutanishwe. Ukiona hakuna anayewaita, waite wewe.